Mdomo wa plagi utazame wapi? Jibu kwa mwenye IST wa Morogoro

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, inanipa kilomita 11 kwa lita. Fundi wangu amefungua plagi akasema zimekaa vibaya: mdomo wa plagi unatakiwa utazame valvu za kuingizia, na zangu kila moja inatazama kwake. Anataka shilingi 60,000 azipange kwa washa, na ananihakikishia nitafika kilomita 13 kwa lita. Alizichora kwa kalamu nikaona kwa macho yangu, ni kweli zinatazama ovyo. Je, mwelekeo wa plagi unapunguza ulaji wa mafuta, au naliwa hela? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, nzuri. Fundi wako hajakudanganya kuhusu alichokiona. Plagi zako kweli zinatazama pande tofauti, na upande ambao plagi inatazama kweli una kazi yake ndani ya silinda. Alipoteleza ni kwenye hesabu. Kutoka kilomita 11 kwenda 13 ni nyongeza ya asilimia 18, na kwenye 1NZ hakuna namna ya kugeuza plagi itakayokupa hata sehemu ya kumi ya hiyo. Kwa hiyo 60,000 usiitoe. Ila naomba nikae na swali lako kwa kirefu, kwa sababu kazi hii ya kupanga plagi kwa washa (kuwekea plagi vipete vya chuma chini yake ili igote ikitazama upande unaotakiwa) nimeiona ikiharibu injini nzima, na mwenye gari alikuwa amekuja akitafuta nafuu ya mafuta tu.

Chukua plagi ya zamani uishike kichwa chini, miguu juu. Katikati utaona ncha inayochomoza kwenye kauri nyeupe. Pembeni kuna kijichuma kilichochomelewa kwenye ukingo wa chuma cha nje, kikapinda kama ndoano mpaka juu ya ile ncha. Nafasi kati ya ncha na ndoano ndiyo gepu. Kwenye plagi kama SK16R11 ya Denso, ambayo huwekwa sana kwenye hizi Toyota, ile namba 11 ya mwisho inamaanisha gepu ya milimita 1.1. Sasa izungushe taratibu vidoleni. Upande mmoja shina la ndoano linaziba gepu kabisa, huoni kitu. Geuza nusu mzunguko na gepu iko wazi mbele yako. Huo upande ulio wazi ndio mafundi wanauita mdomo.

Cheche inaporuka hapo, moto unaozaliwa ni mdogo kama punje ya mtama. Umebanwa kati ya vyuma viwili, na vyuma hivyo ni baridi mno ukilinganisha na moto wenyewe, kwa hiyo vinaunyonya joto kabla haujapata nguvu. Ndani ya silinda nako hakujatulia. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulioingia kwa kasi kupitia valvu unazunguka, na pale kwenye plagi unapita kama upepo. Kama shina la ndoano limekaa upande upepo unakotoka, linaikinga gepu, na mchanganyiko mpya haufiki vizuri. Likikaa upande upepo unakoelekea, upepo unaubandika ule moto mchanga kwenye chuma. Likikaa ubavuni, upepo unapita katikati ya gepu, unaivuta cheche ipinde kama upinde, kisha unaubeba moto kuupeleka kwenye uwazi wa chumba. Moto unaotoka mapema kwenye chuma unakua haraka kidogo kuliko uliochelewa.

Basi jambo lenyewe lipo, na wahandisi wa injini wamelijua kwa miaka mingi. Swali lako la maana ni ukubwa wake.

Tuihesabu kwa gari yako. Kipenyo cha silinda ya 1NZ ni milimita 75. Plagi imekaa karibu na katikati ya paa la chumba, valvu nne zimeizunguka, mbili za kuingizia na mbili za kutolea. Moto ukianza hapo una safari ya kama milimita 37 kufika ukutani, upande wowote. Ndoano ina upana wa milimita chache tu. Moto ukishaipita, habari ya ndoano imekwisha, na njia yote iliyobaki haina kizuizi. Tofauti yote ya mwelekeo inatokea mwanzoni kabisa, wakati moto bado ni ile punje.

Ukiwa barabarani na injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda inapiga cheche 1,000 kwa dakika, na kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapita digrii moja kwa sehemu moja ya 12,000 ya sekunde. Kompyuta ya gari inapiga cheche mapema, digrii kadhaa kabla pistoni haijafika juu, ili moto upate muda wa kukua na msukumo mkubwa uje pistoni ikiwa imeanza kushuka. Tuseme mdomo uliokaa vizuri unauharakisha moto kwa digrii moja au mbili za kranki. Hiyo inaleta nini kwenye mafuta?

Wewe ni mtu wa Morogoro, kwa hiyo nitakuonyesha kwa milima ya Uluguru. Watu wengi wanafikiri taimingi nzuri ya cheche, yaani wakati wa kuipiga, ni kama ncha ya mkuki: ukisogea nukta moja umeanguka. Ukweli ni kwamba inafanana na uwanda wa Lukwangule kule juu. Ukishafika, unatembea huku na kule na hushuki kitu cha kuhesabu. Miteremko ipo, lakini iko mbali. Kando ya taimingi bora, digrii moja au mbili zinapunguza nguvu kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Ukikosea digrii 10, hapo ndipo umeanza kuporomoka kweli. Mwelekeo wa plagi unakusogeza hatua moja au mbili juu ya uwanda.

Na kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: hata plagi ikikaa mahali palepale, hakuna milipuko miwili inayofanana. Upepo ndani ya silinda unabadilika kila mzunguko. Safari hii moto unapata mchanganyiko mtamu mbele yake na kukimbia, safari inayofuata unakuta mabaki ya moshi wa mzunguko uliopita na kujikongoja. Tofauti za hapo peke yake zinafika digrii kadhaa. Ile digrii moja uliyoinunua kwa 60,000 inapotea ndani ya msukosuko ambao injini yako inaishi nao kila siku.

Toyota nao hawakuzipanga. Plagi zikitoka kiwandani, mahali thredi zinapoanzia hapajapangwa kulingana na ndoano, na thredi za kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hazijapangwa kulingana na valvu. Ndiyo maana zako zinatazama ovyo, na IST ya jirani yako nayo, na Probox na Vitz zinazopita hapo nje. Watengenezaji wa magari wanahangaika miaka kupata nafuu ya nusu asilimia ya mafuta. Wanapunguza uzito wa pistoni, wanabadilisha unene wa oili, wanachonga matairi yasiyovuta. Kama kupanga thredi za plagi kungewapa asilimia 18 wangeuza gari zote hivyo.

Wanaohitaji kupanga, wanapanga. Evinrude, chapa ya Marekani ya injini za boti, ilitoa mwaka 2003 injini ziitwazo E-TEC, za viharusi viwili lakini zenye sindano inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kitabu cha fundi cha injini zile kinaagiza waziwazi: chora alama kwenye kauri upande wa mdomo, kaza plagi, kisha hakikisha mdomo unatazama sindano. Sababu yake inaeleweka. Injini ikiwa kwenye mwendo mdogo, petroli haisambai silinda nzima. Inakuja kama wingu dogo, na wingu hilo lazima likutane na cheche pale plagi ilipo. Shina la ndoano likisimama katikati ya njia, petroli inaligonga, wingu linavurugika, plagi inalowa na injini inaanza kumisi. Evinrude walisimamisha utengenezaji mwaka 2020, lakini mpaka leo mimi nawaonyesha vijana wa gereji ukurasa ule, wajue kwamba kupanga plagi ni kazi halali pale injini inapoidai. (Wavuvi wetu wa pwani na visiwani wengi wako na Yamaha za kabureta. Mchanganyiko wake unafika silindani ukiwa tayari umechanganyika, kwa hiyo hilo haliwahusu.)

Hali ni hiyohiyo kwa baadhi ya magari ya Ulaya yenye sindano ya moja kwa moja, yale ambayo sindano imesimama bega kwa bega na plagi juu ya chumba. Huko thredi za plagi na za hedi zinapangwa tangu kiwandani, na ukikaza kwa nguvu iliyoandikwa, mdomo unakaa mahali pake wenyewe. Mwenye gari la namna hiyo akinunua plagi ya bei rahisi yenye namba inayofanana tu, amepoteza mpangilio wote. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mimi kusisitiza plagi ya namba ya kitabu.

Upande mwingine ni mashindano. Wamarekani walikuwa na V8 zao ambazo plagi imelala ubavuni mwa chumba, na pistoni zimeinuliwa kifua ili mgandamizo uwe mkubwa. Pale ndoano ikikaa vibaya inaweza hata kugongwa na pistoni, na moto unalazimika kusafiri kutoka kona moja mpaka nyingine. Mtu anayeshindania sehemu ya sekunde anapanga plagi, anapanga kila kitu, na ananunua washa za shaba za unene tofauti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Habari za huko ndizo zinazofika kwenye simu za vijana wetu, na kijana mwenye bidii anataka kuzijaribu kwenye IST. Simlaumu. Lakini 1NZ si injini ya namna ile: plagi iko katikati, petroli inachanganyika na hewa kabla ya kuingia, na kompyuta inalenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, uwiano ambao unashika moto kwa urahisi. Mchanganyiko ukiwa mwepesi sana, wa hewa nyingi na petroli kidogo, ndipo ile punje ya moto inapokuwa dhaifu na ndoano inakuwa adui wa kweli.

Kwa nini basi fundi wako anaamini? Naamini ameona kwa macho yake. Fikiria kazi yenyewe inavyokwenda. Anafungua plagi zilizotembea kilomita nyingi, gepu imeshalika. Ananunua mpya, kwa sababu ili upate nne zinazotazama unakotaka inabidi uwe na nyingi za kuchagua. Akiwa hapo anapuliza eya klina, anasafisha throto, anakaza koili iliyokuwa inacheza. Gari inatoka ikiwa nyepesi, mteja anafurahi, na kwa wiki nzima anakanyaga mafuta kwa upole kwa sababu anahesabu. Mafuta yanapungua kweli. Sifa zote zinakwenda kwa mdomo wa plagi, wakati kazi imefanywa na plagi mpya na mguu wa dereva.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikujibu kwa urefu huu.

Plagi ya 1NZ ina thredi za milimita 14, na kila mzunguko mmoja inashuka milimita 1.25. Ina washa ya kujikunja. Mpya, unaiingiza kwa mkono mpaka igote, kisha unaikaza nusu mzunguko hadi theluthi mbili za mzunguko. Kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, watengenezaji wa plagi wanataja takriban Nm 25 hadi 30 kwenye hedi ya aluminiamu kama yako, na kitabu cha gari ndicho cha mwisho. Tazama hesabu inavyokataa: kutoka nusu mpaka theluthi mbili ni digrii 60 tu za uhuru. Duara lina digrii 360. Mdomo ukiangukia nje ya hizo 60, huna ruhusa ya kuufuata. Ukiufuata kwa kukaza zaidi, unavuta shingo ya plagi, kauri inaweza kupasuka ndani usione, au unang'oa thredi za hedi, na hedi ya aluminiamu haisamehe. Ukiufuata kwa kulegeza, mambo ni mabaya zaidi.

Plagi haipoi kwa hewa. Sehemu kubwa ya joto lake inatoka kupitia washa na thredi kwenda kwenye hedi, na maji ya injini ndiyo yanayolibeba. Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi kwenye joto la kati ya nyuzi kama 500 na 800 hivi. Chini ya hapo haijisafishi, inashika masizi. Juu ya hapo inaanza kuwa kaa la moto linalowasha petroli lenyewe, kabla cheche haijaitwa. Plagi iliyolegea haina pa kutolea joto.

Ililetwa kwangu Probox moja, injini kama ya kwako, inatetemeka na moshi unatoka kwenye deepstiki. Mwenyewe alikuwa ametoka kupangiwa plagi wiki chache nyuma kwenye gereji nyingine. Nilipofika silinda ya tatu niliweka soketi, na kabla sijaweka mpini plagi ikazunguka kwa vidole vyangu. Chini yake kulikuwa na washa mbili, moja juu ya nyingine, zote za kujikunja, hakuna hata moja iliyojikunja sawasawa. Thredi zilikuwa nyeusi mpaka juu kabisa, ushahidi kwamba moto ulikuwa unapumulia pale. Ndoano haikuwepo: kilibaki kisiki, na kauri yake ilikuwa na vitone vidogo vya kung'aa, kama mchanga ulioyeyuka. Tulipofungua hedi, ukingo wa pistoni ulikuwa umeliwa kama mkate uliotafunwa na panya. Nilimwonyesha mwenye gari alama ya kalamu kwenye kauri. Mdomo ulikuwa unatazama valvu za kuingizia, sawasawa kabisa kama alivyoahidiwa.

Ndiyo maana nasema kwa uzito: kwenye gari yako mwelekeo usiwe sababu ya kugusa nguvu ya kukaza. Plagi ikishafika toki yake, popote mdomo ulipo, hapo ndipo pake. Thredi ziwe safi na kavu. Usipake oili wala grisi, maana thredi zenye utelezi zinakudanganya, unafikiri umefika Nm 25 kumbe umezipita. Injini iwe imepoa. Anza kwa mkono, ukishusha plagi kwa kipande cha mpira wa petroli ili isipande thredi vibaya, maana shimo la plagi kwenye 1NZ ni refu na huoni chini.

Kama plagi ziko nne mpya na ukazichora zote, unaweza kujaribu hii na ile kwenye kila silinda, kila moja kwa toki yake sahihi, ukaona ipi inaangukia vizuri wapi. Hilo halina madhara, ni muda wako tu. Angalia usiikaze plagi moja mara tatu nne, kwa sababu washa ikishajikunja haijikunji tena vilevile: plagi iliyokwisha kutumika inakazwa kidogo sana baada ya kugota, kama sehemu moja ya 12 ya mzunguko. Na kama unachotaka ni moto usibanwe na chuma, plagi ya iridiamu yenye ncha nyembamba inakupa zaidi kuliko kugeuza. Zipo zenye ncha ya milimita 0.4. Chuma kidogo kinanyonya joto kidogo, kila upande, bila kumpa mtu kazi ya washa. Hata hiyo usiitegemee ikushushie mafuta kama plagi zako za sasa bado nzima.

Wenye bodaboda nao wataniuliza. Kwenye injini ya silinda moja yenye valvu mbili na kabureta, plagi imelala ubavuni mwa chumba, kwa hiyo mwelekeo una uzito kidogo zaidi kuliko kwenye IST. Bado ni mdogo mbele ya skrubu ya hewa iliyochezewa, gepu iliyopanuka au mnyororo mkavu. Na thredi zake ni nyembamba, nyingi za milimita 10 au 12, ambazo zinataka nguvu ndogo kuliko ya gari: kama Nm 10 hadi 12 kwa ile ya 10, na 15 hadi 20 kwa ile ya 12. Hedi nyingi za bodaboda zilizotobolewa na kuwekewa thredi bandia ziliharibiwa na mkono wa mtu aliyetaka kuongeza kidogo.

Turudi kwenye kilomita 11 zako. Kama unazunguka mjini, Msamvu kwenda Nane Nane na foleni zake, huku kiyoyozi kinapuliza, 11 si namba ya kutisha. Kama ni za barabara kuu, gari inaumwa mahali, na hapo ndipo 60,000 yako inatakiwa iende.

Kwanza pima vizuri, maana namba iliyopatikana kwa kukadiria mshale wa tangi haina thamani. Jaza mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Nenda Chalinze urudi, kama kilomita 170, kwa mwendo uleule, kisha jaza kwenye pampu ileile, gari ikiwa imesimama palepale. Utakuwa umetumia lita 15 hivi. Pampu ikikata mapema au ikichelewa kwa nusu lita, umepata kosa la zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo rudia mara tatu uchukue wastani. Ukishaona kosa la pampu lilivyo, utaelewa kwa nini mtu anayekuambia kageuza plagi akapata nafuu ya asilimia 1 hawezi kuwa ameipima kwenye kituo cha mafuta.

Halafu toa plagi zako uzisome. Za rangi ya kahawia hafifu au kijivu ziko salama. Nyeusi kavu kama masizi ya kibatari, petroli inazidi. Soma na namba ya joto, inayoonyesha plagi inatoa joto upesi kiasi gani: kwenye NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na 5 ya NGK inalingana na 16 ya Denso. Kwenye Bosch ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Nimekuta mara nyingi mtu amewekewa plagi ya aina nyingine kwa kufananisha namba, na kumbe zinakwenda kinyume. Pima gepu kwa fila geji. Kama ni za nikeli za kawaida na zimepita kilomita 20,000 au 30,000, badilisha bila kujadili. Angalia pia kama ni halisi, maana iridiamu feki zimejaa, na ncha nene kwenye boksi lililoandikwa iridiamu inajieleza yenyewe.

Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Inua gurudumu mojamoja ulizungushe kwa mkono, usikie kama breki inashika. Sensa ya oksijeni iliyochoka inaifanya kompyuta imwage petroli kwa kubahatisha.

Na kitu ambacho ningeangalia kabla ya vyote, kwa jinsi ninavyoyajua magari yetu, ni themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Muulize fundi wako, au aliyekuwa na gari kabla yako, kama iliwahi kutolewa. Mafundi wengi huku wanaitoa injini ikichemka mara moja, wakisema nchi yetu ni ya joto haihitaji. Themostati ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 hivi, na kompyuta inategemea injini ifike huko. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu asubuhi, injini haipati joto lake, na kompyuta inadhani gari bado linapashwa, inaendelea kuongeza petroli mwendo mzima. Oili nayo inabaki nzito. Mwombe mtu mwenye kifaa cha kusomea kompyuta akichomeke chini ya dashibodi, mwende wote barabara ya Dodoma kwa dakika 20, mtazame joto la maji. Likisimama kwenye 85 au 90, themostati yako ipo na inafanya kazi. Likiwa kwenye 60 na kitu na linashuka mnaposhika kasi, umempata mla mafuta. Nunua themostati halisi na gasketi yake, zirudishwe, halafu pima tena safari ya Chalinze.

Kama fundi huyo alishaanza kuweka washa kabla hujasoma hapa, usisubiri safari. Injini ikipoa leo jioni, toa koili nne, chomoa plagi moja baada ya nyingine, na hesabu washa kwenye kila plagi. Iwe moja tu.